Gauni la Arusi: Namna ya Kulinunua na Kuliagiza kwa Akili

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wazee na walimu)



Tumeombwa tuseme habari ya gauni la arusi. Tulipopewa jambo hili walikuwapo waliocheka, wakasema ya kuwa nguo za wanawake si kazi ya karani. Sisi hatukucheka. Mtu akaaye penye meza ya baraza huyaona mengi ambayo watu hawayasemi sokoni. Huyaona mashauri ya arbuni iliyoliwa, na ya kitambaa kilichopotea kwa fundi, na ya wakwe waliokosana hata wasisalimiane kwa sababu ya nguo iliyovaliwa tangu asubuhi hata jioni, kisha ikatiwa sandukuni. Zaidi ya hayo, sisi wenyewe tulikosa katika jambo hili, na kosa letu lilimgharimu ndugu yetu mnyama wake. Habari hiyo tutaieleza mahali pake.

Kwanza twapenda kuondoa dhana moja. Watu wengi wadhani ya kuwa gauni jeupe ni sharti la ndoa, na ya kuwa asiyelivaa ameolewa nusu. Sivyo. Huko Ulaya kwenyewe, zamani, bibi arusi alivaa nguo yake iliyo bora, ya rangi yo yote aliyokuwa nayo. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa tarehe 10 Februari, 1840, alivaa hariri nyeupe yenye lesi iliyofumwa katika nchi yake, na watu wenye mali wakaanza kumfuata, kisha na wengine. Wala Malkia yule hakuiacha lesi ile iliwe na nondo. Aliivaa tena katika siku zake kuu, miaka mingi baada ya arusi. Tena Elizabeth, binti wa Mfalme, alipoolewa tarehe 20 Novemba, 1947, nguo katika Uingereza zilikuwa zingali zikinunuliwa kwa vyeti kwa ajili ya shida iliyoachwa na vita, naye pia ilimpasa kutoa vyeti kwa gauni lake. Wanawake waliompelekea vyeti vyao kwa mapenzi walirudishiwa, kwa kuwa sheria haikumruhusu mtu kumpa mwenziwe. Na katika miaka ile ile ya vita wako mabibi arusi wa Kizungu walioshona magauni yao kwa hariri ya miavuli ya askari wa ndege. Hapa pwani petu nako, bibi arusi amejulikana kwa kisutu tangu zamani za bibi zetu, na hakuna aliyesema ya kuwa hakuolewa. Basi atakaye gauni jeupe na alivae, ni zuri. Lakini ajue ya kuwa anachagua, halazimishwi.

Sasa tuseme habari ya fedha, maana ndiyo mwanzo wa ugomvi. Katika wilaya yetu nyumba nyingi zina desturi ya kwamba upande wa mume ndio utoao nguo ya bibi arusi, na nyumba nyingine hufanya kinyume. Hatuna neno juu ya desturi ya mtu. Neno letu ni hili, kwamba jambo lisemwe siku ile ile ya kupatana mahari, mbele ya washenga, na kiasi kitajwe. Si kusema tu, “Tutaleta gauni.” Gauni gani? La kushona, la kununua, au la kukodi? Na shela je, na viatu, na nauli ya kwenda mjini kupima? Tumeona upande wa mume ukileta fedha ya gauni peke yake, na mama wa binti akidhani ya kuwa imo na ya wasimamizi wanne. Hapo ndipo maneno ya uchungu huanza, na tangu siku hiyo kila kosa la kijana huyo huanziwa kwenye gauni.

Tena yafaa kiasi hicho kitoke katika fedha iliyopo, si katika fedha itakayokuja. Mtu aliye na fedha ya kuezeka nyumba kwa bati akaitia katika nguo ya siku moja, ni mali yake. Lakini na aende kwanza akatazame paa lake wakati wa masika, akiisha kulitazama na aamue.

Tuje kwenye kitambaa. Mwuza duka huwasha taa nyingi, na chini ya taa vyeupe vyote ni ndugu. Ombeni ruhusa mkitoe mlangoni, mkitazame kwa nuru ya jua. Hapo mtaona ya kuwa kimoja ni cheupe kama karatasi, kimoja kama maziwa, na kimoja kina umanjano. Na shela ya weupe mmoja ikikaa juu ya gauni la weupe mwingine, moja wapo huonekana kama haikufuliwa. Basi nunueni vyote pamoja, au chukueni kipande cha kile cha kwanza mwende nacho.

Ulizeni pia upana. Hili watu hulisahau sana. Kiko kitambaa chenye upana wa inchi 36, na kingine inchi 45, na kingine inchi 60. Yadi tano za upana wa inchi 60 ni sawa na yadi nane na zaidi za kile chembamba. Basi bei ya yadi moja peke yake haikuambii lo lote mpaka uujue upana. Na angalieni tena kwamba yadi si mita. Yadi ni sentimita 91 na kitu. Ukiambiwa na fundi ununue mita sita, nawe ukanunua yadi sita, umepungukiwa na zaidi ya nusu mita, nayo yaweza kuwa ndiyo mikono miwili ya gauni.

Mkitaka kujua kama ni hariri kweli, ombeni uzi mmoja, mkauchome nje. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua. Ule uliotengenezwa kwa dawa viwandani huyeyuka, ukaacha kipande kigumu kama shanga. Wala hatusemi ya kuwa huu wa mwisho ni mbaya; ni rahisi, haukunjiki upesi, na wengi huvaa huo. Ubaya ni kuuziwa huo kwa bei ya hariri. Na yule atakayeupiga pasi ya mkaa asubuhi ya arusi na aangalie sana, kwani tumeona gauni likishikamana na pasi kama utomvu wa fenesi.

Kwa atlasi, yaani kitambaa kile cha kung'aa, tone la maji laweza kuacha alama. Kitambaa cha pamba nacho chaweza kurudi kikifuliwa, kwa hiyo kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa. Na katika joto la nchi yetu, bitana ya pamba ndani ya gauni ni rehema kubwa kwa bibi arusi atakayesimama saa tatu kanisani na kupigwa picha juani. Bitana haionekani, kwa hiyo wenye kupenda sifa huiona kuwa ni hasara.

Sasa twafika kwenye vipimo, na hapa ndipo tulipokosa.

Binti wa kaka yetu aliposwa na kijana mwema, mwalimu. Fedha ya gauni ilitolewa vizuri, bila maneno. Mama yake alikuwa na picha ya gauni alilolipenda, na fundi alikuwa Tanga, nasi tukaombwa, kwa kuwa ni karani, tupime, tuandike barua, na kuituma pamoja na picha na fedha. Tulijiona watu wakubwa. Tulichukua futi kamba ya zamani iliyokuwa nyumbani, ya kitambaa, ambayo watoto wameichezea miaka mingi; shangazi yake akampima huku sisi tukiandika. Kifuani inchi 34. Tuliandika kwa mwandiko mzuri, “Vipimo vya gauni,” tukapiga mstari chini yake, tukaituma.

Fundi alikuwa mtu wa kazi, hatumlaumu. Alishona gauni la inchi 34 kama alivyoandikiwa, wala hakuacha nafasi, kwa kuwa alidhani nafasi imekwisha kuhesabiwa. Likaletwa siku ya Alhamisi, na arusi Jumamosi. Tulikuwa tumekaa ukumbini na wazee, twanywa chai, tukasikia chumbani kimya. Kisha binti akatuita kwa sauti ndogo, “Baba mdogo, gauni halifungi.” Tuliingia, tukaona mgongo umeachana vidole vinne. Mama yake alikuwa akivuta huku na huku, na binti amesimama, ameinua mikono kidogo, halii, anatazama ukuta tu.

Ndani ya mishono tulitafuta ziada ya kitambaa, haikuwapo ila uzi. Ilibidi shangazi yake aende Tanga na gauni usiku ule ule kwa gari la kukodi, akanunue lesi ya kuongeza mgongoni, na kumlipa fundi kwa kazi ya haraka. Fedha yote ya arusi ilikuwa imekwisha kuingia katika mchele na nyama. Kaka yetu hakusema neno. Alitoka na taa, akaenda kwa jirani, akamwuza mtamba wake aliyekuwa na mimba, kwa bei ya mtu mwenye haraka, ambayo ni nusu ya bei. Mtamba yule alikuwa azae baada ya miezi miwili, na maziwa yake yalikwisha kuhesabiwa kwa watoto wadogo wa nyumba ile.

Gauni lilirudi Ijumaa jioni, nalo lilipendeza, hata watu walidhani ya kuwa lesi ile ya mgongoni ilikuwa nakshi iliyokusudiwa. Arusi ikawa njema. Lakini Jumatatu tuliichukua ile futi kamba hata ofisini, tukailaza kando ya rula ya chuma. Yadi moja ya chuma, inchi 36, ilikuwa inchi 34 na robo tatu tu juu ya kamba yetu. Kamba ilikuwa imevutika! Kila inchi yake ilikuwa kubwa kuliko inchi ya kweli, kwa hiyo kila kipimo tulichoandika kilikuwa pungufu. Kosa la kamba lilitwaa zaidi ya inchi moja, na kosa la barua yetu likatwaa nafasi ya kupumulia. Vidole vinne vile havikuwa vya fundi, vilikuwa vyetu.

Kwa hiyo tunayoyasema juu ya vipimo tumeyanunua. Ilinganisheni futi kamba na rula ya chuma kabla ya kumpima mtu. Mpimeni binti akiwa amevaa nguo za ndani zile zile atakazovaa siku ya arusi, wala si juu ya kanga iliyokunjwa. Urefu upimwe akiwa na viatu vile vile, maana kisigino cha inchi tatu huinua pindo inchi tatu. Andikeni “vipimo vya mwili,” na mwachieni fundi aongeze nafasi kwa ujuzi wake. Mwambieni aache kitambaa cha inchi moja ndani ya kila mshono wa ubavuni, kwani binti aliyeposwa huweza kunenepa kwa furaha au kukonda kwa mashaka, na mwezi mmoja watosha kwa yote mawili. Na iwapo kitambaa ni cha thamani, mlipeni fundi kidogo ashone kwanza kiwiliwili kwa marekani ya bei rahisi, kijaribiwe mwilini, ndipo mkasi uguse atlasi. Mafundi wakubwa wa ng'ambo hufanya hivyo. Wala si aibu kwetu kufanya kama wao.

Na ikiwezekana, binti aende mwenyewe kwa fundi, si mara moja bali mara mbili: ya kupimwa, na ya kujaribu kabla pindo halijashonwa. Nauli ya safari mbili ni ndogo kuliko mtamba.

Juu ya mapatano na fundi hatutasema mengi, ila yaandikwe. Karatasi moja yatosha, nakala mbili: picha au mchoro wa gauni, kipande cha kitambaa kimebanwa kwa pini, vipimo, bei, arbuni iliyotolewa, siku ya kujaribu na siku ya kuchukua. Pande zote mbili zitie sahihi, au dole gumba. Kama mmenunua kitambaa ninyi wenyewe, andikeni yadi mlizompa, na ombeni vipande vitakavyobaki. Arbuni isipite nusu ya ujira, kwa kuwa fundi aliyekwisha kulipwa yote hushona kwanza nguo ya yule ambaye hajalipa. Hatusemi hivyo kwa kuwatukana mafundi, baba yetu mdogo alikuwa fundi, naye ndiye aliyetufundisha jambo hili. Mashauri ya namna hii yajapo barazani, wazee huuliza kwanza, “Stakabadhi iko wapi?” Mlalamikaji hutazama chini. Asiye na karatasi husaidiwa na Mungu, baraza haliwezi.

Siku ya kuchukua iwe juma zima kabla ya arusi, au majuma mawili kama fundi yu mbali. Na zifikirini nyakati. Mwezi wa Desemba mafundi wana nguo za Krismasi, na nyuma yake sare za watoto kwa kufunguliwa shule Januari. Kabla ya Idi ni vivyo hivyo. Baada ya Kwaresima arusi nyingi hufungwa pamoja, na kila bibi arusi aambiwa ya kuwa gauni lake ndilo la kwanza mezani. Mwenye kuagiza miezi mitatu mbele huchagua fundi. Mwenye kuagiza majuma matatu mbele huchaguliwa na fundi.

Kuna na wale waagizao nguo iliyokwisha kushonwa, kutoka mbali. Zamani waliagiza kwa barua, wakitazama picha katika kitabu cha bei. Siku hizi picha huja kwa simu, na fedha hutumwa kwa simu vile vile, kwa dakika moja. Upesi huo ni mzuri, lakini fedha iliyokwenda kwa dakika moja yaweza isirudi mwaka mzima. Picha ni ya gauni jingine, amevalishwa mwanamke mwingine, na pengine limebanwa kwa pini mgongoni ambako hamwoni. Ulizeni kabla ya kutuma: vipimo vyake kwa inchi ni vipi, maana namba ya ukubwa ya nchi moja si namba ya nchi nyingine, kitambaa ni nini, lisipofaa laweza kurudishwa, na kwa gharama ya nani, ushuru wa forodha umo katika bei au haumo. Asiyejibu maswali haya msimpe fedha. Na gauni la namna hii lichagueni kubwa kidogo, kwani fundi wa kijijini aweza kulipunguza kwa mchana mmoja, lakini kuliongeza ni kazi kama ile tuliyoisimulia.

Kukodi si aibu. Wako wadhanio ya kuwa gauni lililovaliwa na mwingine huleta mkosi; sisi hatujaona mkosi ila wa deni. Kabla ya kulichukua, litandazeni juani pamoja na mwenyewe, mkaandike kila doa, kila kifungo kilichopungua, na kila mahali lesi ilipochanika. Asipokubali kuandika, kesho atawadai doa la mwaka jana. Na jambo la kuazimana katika ukoo ni jema kuliko yote, nasi twashangaa limepungua.

Neno la kutunza, nalo si refu. Gauni jeupe lililotiwa sandukuni na jasho lake hugeuka manjano, na hapa pwani huota ukungu. Lifuliwe upesi, likauke kabisa, lifungwe katika shuka nyeupe safi, si katika mfuko wa plastiki uzuiao hewa, na mara kwa mara lifunguliwe lipate upepo kivulini.

Lile la binti wa kaka yetu lingalipo. Mama yake alifungua mishono, akaongeza bitana ubavuni, na tangu siku ile limevaliwa na mabinti watatu wa ukoo wetu, na mmoja wa jirani, yeye yule aliyemnunua mtamba. Huyo jirani alipokuja kuliazima kwa ajili ya binti yake, kaka yetu alimpa bila kutaja fedha. Na siku ya tatu baada ya arusi jirani akalirudisha limefuliwa, na nyuma yake kijana anaswaga ndama jike. Mwaka huu, baada ya mavuno, litavaliwa tena. Yule binti amekwisha kupimwa juma lililopita, kwa futi kamba mpya.